Mlevi wa Kuazima

Siku Sponji alipogeuka kuwa mlevi, alikuwa amekwenda shuleni kupeleka kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha Mwalimu Mkuu, kile cha kuzunguka, ambacho kilikuwa kimechanika mpaka mama wa watu akawa anakalia vyuma. Sponji alikivua ngozi, akakijaza upya, akakishona, kikatoka kama cha waziri. Fundi makochi huyu hakuwa na jina jingine pale mtaani. Hata mkewe akikasirika alimwita Sponji. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la sufi, sauti imekwaruza kwa vumbi hilohilo, na mkono wa kulia ulimtetemeka kidogo kwa kupigilia misumari tangu ujanani. Pombe hakuwahi kuionja. Harufu yake tu ilimtia kichefuchefu, na habari yake na pombe iliishia hapo.

Alipofika mlangoni pa ofisi akiwa anasukuma kiti, alikuta watu wawili wanabishana. Mmoja alikuwa Mwalimu Mkuu. Wa pili alikuwa mwanamume mnene mwenye suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa na funguo za gari mkononi. Huyo alikuwa muuza vipuri ambaye zamani alikunywa mpaka akauza mlango wa nyumba yake mwenyewe, kisha akaacha. Mwenyewe hakupenda kusema ameacha. Alisema amestaafu, na watu wakamwita Mstaafu.

"Mmenialika wenyewe," alikuwa akisema Mstaafu. "Nimefunga duka. Watoto wako ukumbini wananisubiri. Sasa naambiwa nirudi nyumbani?"

"Mzee wangu, hebu jitazame."

Mstaafu akajitazama kuanzia tai mpaka viatu. "Nina kasoro gani?"

"Huna hata moja, na hilo ndilo tatizo. Nikusimamishe mbele ya watoto, uwaambie pombe inaharibu maisha, halafu wakuone unapanda gari? Si wataona inalipa?"

"Lakini mimi ndiye niliyekunywa!"

"Ulikunywa, sikatai. Ila huonekani."

Hapo Mwalimu Mkuu akamwona Sponji. Akamtazama juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akatazama macho. Akatazama mkono unaotetemeka juu ya mgongo wa kiti.

"Fundi," alisema kwa upole ambao Sponji hakuwahi kuusikia kwake, "hebu sema kitu."

"Kiti tayari, mwalimu," alikwaruza Sponji.

"Mungu wangu," alisema Mwalimu Mkuu. "Hata sauti anayo."

Sponji alipoelezwa anachotakiwa kufanya, alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akanyamaza. "Mwalimu, mimi pombe sijawahi kunywa."

"Nani kakuuliza kama umekunywa? Nakuuliza kama unaweza kuongea."

"Si nitakuwa nawadanganya watoto?"

"Utakuwa unawaokoa. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba kisimani kuna zimwi, ili asitumbukie, hapo umemdanganya?"

"Ndiyo," alisema Mstaafu, aliyekuwa ameshajitupa kwenye kochi la ofisini. "Na siku akichungulia asilione zimwi, ataingia kuogelea."

"Wewe tumeshamalizana!"

Sponji angeweza kuondoka. Lakini alikuwa na donda lake dogo. Kila kikao cha wazazi alinyoosha mkono, na kila kikao mwenyekiti alimruka akawapa nafasi wenye tai. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpa kipaza sauti. Akauliza kama kidato cha binti yake kitakuwepo. Akaambiwa hapana, ni madarasa ya chini tu. Akaomba maji ya kunywa, akajifuta vumbi. Mwalimu Mkuu akamkataza kujifuta.

Mbele ya ukumbi, mwanzoni alibabaika. Alisema pombe ni mbaya, akarudia kwamba ni mbaya, akaishiwa. Kisha akaona jambo la ajabu: ukumbi mzima umekaa kimya, unamtazama yeye. Kama kuna siku Sponji alilewa maishani mwake, ni siku hiyo, na alilewa kipaza sauti. Aliuza kitanda cha ndoa. Akauza sufuria, chakula kikiwa kinachemka ndani. Akamvuta binti yake kutoka kwenye godoro, akaliuza godoro, mtoto akalala juu ya magazeti. Akampiga mkewe kwa mguu wa stuli. Mwalimu Mkuu alifuta machozi. Mstaafu, aliyejipenyeza nyuma kabisa, alikuwa ameshika kichwa.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Sisi ni majirani zako. Mbona hatujawahi kukuona umelewa?"

Ukumbi ukageuka. Jasho likamtoka Sponji. "Kwa sababu," alisema, "nilikuwa na kichwa kigumu. Nilikuwa nakunywa chupa ishirini za pombe kali, nalala kidogo, asubuhi naamka naenda kazini kama kawaida. Nani angejua?"

Mnong'ono wa heshima ukapita ukumbini. Msichana mmoja mrefu, aliyeingia na wenzake wa kwaya kwa ajili ya wimbo wa kufunga, akauliza, "Na pombe ina ladha gani?"

"Ladha?" Sponji akafikiri. "Ladha kama ya gesi."

Walipiga makofi. Kwaya ikapanda jukwaani na kuanza kuimba. Wakati huo ndipo Sponji alipomwona binti yake katika safu ya pili. Wenzake wote walikuwa wanaimba. Yeye mdomo ulikuwa wazi, lakini hautoi kitu.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Alimkuta mkewe amekaa kwenye godoro katikati ya chumba, mikono kifuani.

"Godoro uliloliuza ni lipi?" aliuliza mkewe. "Hili ninalolikalia, au kuna jingine?"

"Mama watoto, ngoja nikueleze..."

"Wameshanieleza. Wamekuja wanawake wanne kunipa pole. Mmoja ameniletea mafuta ya kuchua, eti ya pale uliponipiga. Nikamwambia hajanipiga. Akaniambia, 'Jikaze shoga, sasa yamejulikana.' Miaka yote naishi na mtu anayekunywa maji na chai, leo nimekuwa mke wa mlevi, tena mlevi mwenyewe simwoni!"

Sponji alijieleza. Alisema ni kwa ajili ya watoto wa shule. Mkewe akamuuliza kama wa kwake si mtoto wa shule. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sare yake.

"Baba, niwaambie ni uongo?"

Sponji alikuna kichwa. "Kwa sasa usiseme kitu, mama. Tutaiaibisha shule. Wale wadogo wameogopa, na wakiogopa hawatagusa. Yatapita."

"Kwa hiyo na mimi nidanganye?"

"Si kudanganya. Kunyamaza tu."

Binti akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo akawa anamjibu kwa kichwa tu, juu na chini kama ndiyo, kushoto na kulia kama hapana.

Hayakupita. Mteja wa kwanza alikuja asubuhi akachukua kochi lake likiwa mifupa mitupu, akaliburuta barabarani. Alisema hamlaumu mtu, ila kochi ni la mama yake, na fundi anayeuza godoro la mwanawe atashindwaje kuuza kochi la watu. Wa pili akatuma mtoto. Wa tatu hakutuma mtu, alikuja kukaa kwenye benchi la karakana kutwa nzima, akilinda viti vyake. Wanywaji wa kilabu cha pembeni nao wakawa wakipita wanasimama kutoa heshima. "Chupa ishirini, mkubwa!" walimwambia, wakimpa mkono. "Sisi hapa tunajidai bure."

Kisha wakaja wakwe. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliingia na shangazi wawili, wakajipanga kwenye kochi alilolitengeneza Sponji mwenyewe.

"Shemeji," alianza kaka mtu, "tumekuja kwa amani. Umempiga dada yetu na mguu wa stuli?"

"Sijampiga, shemeji. Wala pombe sijawahi kunywa. Yale yalikuwa maneno ya shuleni."

Shangazi mkubwa akatoa kikaratasi kwenye mkoba, kile kilichogawiwa shuleni baada ya hotuba. Akavaa miwani. "'Dalili ya kwanza ya mlevi,'" alisoma, "'ni kukana.'" Akavua miwani.

"Lakini ni kweli hajanipiga!" alisema mkewe. "Nyie mnanijua. Mimi ningekubali kupigwa?"

Shangazi akavaa miwani tena. "'Dalili ya pili. Watu wa nyumbani kwake humfichia.'"

Walizunguka hapo mpaka chai ikaisha. Kila alichokataa kilimzidishia ugonjwa. Mwishowe Sponji aliona hakuna mlango mwingine wa kutokea. Akapiga magoti mbele ya wakwe zake, akaomba radhi kwa kumpiga mkewe.

"Umemsamehe?" shangazi alimuuliza mkewe.

"Nimemsamehe," alisema mwanamke, meno yameumana, "kwa hicho ambacho hakukifanya. Kwa hiki alichokifanya, bado."

Shangazi hawakuelewa, lakini walipiga vigelegele.

Jumamosi moja alasiri Sponji alikuwa nje ya karakana yake anapigilia fremu, moja ya kazi chache zilizokuwa zimebaki. Akamwona binti yake anakuja mbio, kandambili moja mguuni, nyingine hana. Akasimama, nyundo mkononi. "Kuna nini, mama?"

Binti hakugeuka hata shingo. Alimpita babaye kama anayepita nguzo ya umeme, akavuka barabara, akaingia duka la vipuri la Mstaafu. Baada ya kitambo kidogo gari la Mstaafu likatoka kwa kasi likielekea nyumbani kwao, binti akiwa kiti cha mbele. Sponji akatupa nyundo akakimbia. Alipofika uani, gari lilikuwa linageuza. Majirani walimwambia amepakiwa Chiriku.

Chiriku alikuwa yule msichana mrefu wa kwaya, rafiki ya binti yake, mtoto wa msusi wa nyumba ya pili. Aliitwa hivyo kwa sababu hakunyamaza. Sponji alipofika hospitali alimkuta kimya, amelazwa, dripu mkononi, na uso una rangi ya majivu. Mama yake alikuwa amesimama kando ya kitanda, mafuta ya nywele bado mikononi, hajui pa kuyafutia.

"Ataishi," alisema Mstaafu kwenye korido. Suti yake ilikuwa imetapikiwa. "Wamesema angecheleweshwa kidogo tu, basi. Alikuwa amelala chali, matapishi yanarudi kooni. Nimemlaza ubavu, nimemtia kwenye gari."

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mmoja peku. Sponji akakaa kando yake.

"Kwa nini hukuja kwangu? Umenipita pale."

"Ungejua nini, baba?" alisema binti. Hakusema kwa ukali, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Mstaafu anajua. Siku ile baada ya wimbo nilimkuta getini, nikamuuliza mtu akizidiwa anakuwaje. Akaniambia yote. Hakuniuliza kwa nini nataka kujua."

"Amekunywa nini?"

"Chupa iliyobaki kwenye sherehe ya mjomba wake. Amekunywa nusu kwa mkupuo. Nilimwambia asinywe." Akaurudisha ule mguu peku chini ya benchi. "Akasema, 'Baba yako alikuwa anakunywa ishirini halafu anaamka anaenda kazini. Mimi nusu itanifanya nini?' Nilitaka kumwambia, baba. Nilifungua mdomo. Lakini wewe ulisema ninyamaze."

Msusi alikuwa ametoka wodini, na amesikia. Sponji akainuka amwombe radhi, akijiandaa kutukanwa, hata kupigwa makofi.

"Sikulaumu," alisema mama yule huku anajifuta machozi kwa kiwiko. "Wewe ni mgonjwa pia, kaka yangu. Pombe ndiyo imetufikisha hapa sote. Jikaze usirudie."

Hilo lilimuuma kuliko kofi.

Siku ya Wazazi ilipofika, Mwalimu Mkuu alimwekea Sponji kiti cha mbele. Ofisa elimu alikuwepo, wakwe walikuwepo na kikaratasi chao, na mezani palikuwa na cheti chenye mapambo kilichoandikwa "Mshindi Dhidi ya Pombe". Mwalimu Mkuu alimnong'oneza kwamba leo asisahau ile ya sufuria, imependwa sana.

Sponji alisimama mbele ya kipaza sauti. Safari hii hakikumlevya.

"Wanangu," alisema, "mimi sijawahi kunywa pombe. Hata tone. Sikuuza godoro, sikumpiga mke wangu. Chupa ishirini ni uongo. Mtu akinywa hizo haamki kwenda kazini, anazikwa. Niliwadanganya, na mtoto mmoja aliyeniamini nusura afe."

Akasikia mtu anavuta kamasi kwa huruma. Mwalimu Mkuu akainuka taratibu, akakishika kipaza sauti na kumshika Sponji bega.

"Wanafunzi," alisema kwa sauti ya majonzi, "mnaona? Dalili ya kwanza kwenye kikaratasi chenu. Hii inaitwa kukana. Huyu ameacha muda mrefu, lakini bado inamtesa. Tumpigie makofi kwa ujasiri wake."

Walipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Ofisa elimu alisimama. Shangazi mkubwa alilia. Sponji alipaza sauti kwamba anasema kweli, na kadiri alivyopaza ndivyo walivyozidi kupiga. Akavishwa shada. Akapewa cheti. Alitafuta uso wa binti yake katika umati. Binti ndiye peke yake aliyekuwa hapigi makofi. Alimtazama baba yake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wimbo.

Basi Sponji akafanya jambo moja alilokuwa na uwezo nalo. Akaingia katikati ya viti, akamshika mkono Mstaafu aliyekaa nyuma, akamleta mbele. "Mtu wenu halisi ni huyu," alisema. "Muulizeni huyu."

"Na huyu naye ni nani?" aliuliza ofisa.

"Ni muuza vipuri," alisema Mwalimu Mkuu haraka.

Chiriku alikuwa safu ya mbele, amekonda, kanga ya mama yake mabegani. "Kwa nini watu wanakunywa," aliuliza, "kama ni mbaya hivyo?"

"Kwa sababu mwanzoni ni raha," alisema Mstaafu. Mwalimu Mkuu alikohoa. "Sikufichi, binti yangu. Mdomoni ni chungu, raha yake iko huku kifuani. Mimi nilikuwa mwoga wa watu. Nikinywa, woga unakwenda zake. Ningekuwa sioni raha, ningeuza mlango wa nyumba yangu kwa ajili gani? Mlango! Nililala mlango wazi msimu mzima wa mvua, na woga ukarudi kukaa na mimi mlemle ndani, umenenepa. Na jingine. Mwenzako akinywa akalala haamshiki, mlaze ubavu, usimwache peke yake, kimbilia mtu mzima. Afadhali mpigwe wote wawili kuliko..."

Kipaza sauti kikafa. Mwalimu Mkuu alikuwa ameng'oa waya mwenyewe.

"Unawafundisha kulewa vizuri!" alifoka.

"Nawafundisha kutokufa, mwalimu."

Alisema hayo bila kipaza sauti, kwa hiyo wa nyuma hawakusikia. Wakaanza kusogea. Wengine waliburuta viti, wengine walivuka migongo ya viti, hata wale wadogo wa madarasa ya chini walikuja kukaa sakafuni miguuni pake. Mstaafu akaendelea kuongea kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye dukani kwake. Mwalimu Mkuu aliagiza kengele ipigwe. Ikapigwa. Hakuna aliyeinuka.

Baada ya hapo mambo ya Sponji hayakunyooka yote. Mstaafu hakualikwa tena, na Mwalimu Mkuu alitafuta fundi mwingine. Msusi aliambiwa kila kitu na Chiriku, akaja kumtukana Sponji ipasavyo, na Sponji akamshukuru. Wakwe walibaki na msimamo wao. Kwenye sherehe walimletea soda ikiwa imefunguliwa, na shangazi akainusa kwanza. Yule mteja wa benchini ndiye aliyerudisha imani kabla ya wengine. Alisema amemchunguza kutwa nyingi, na mtu huyu hata maji anakunywa kwa kulazimishwa.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya mabati, Sponji alikuwa kwenye ngazi za nyumba anachambua sufi. Binti alitoka na daftari, akasimama, kisha akakaa ngazi ya chini yake.

"Baba."

"Naam."

"Mwalimu wa afya amesema ukivuta bangi mara moja tu, unakuwa kichaa wa kuokota makopo. Chiriku anasema kaka yake anavuta na makopo haokoti. Nani mkweli?"

Sponji aliacha kuchambua. Majibu yalimjaa mdomoni, yote mazuri, yote yanatisha. Akayameza.

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui kabisa. Hata hiyo pombe sijui. Niliyosema yote nilibuni."

"Mstaafu atakuwa anajua?"

"Ya bangi sina hakika. Ya pombe ndiyo. Na asichokijua nadhani atasema."

Akajipangusa sufi mapajani, akainuka, na binti akainuka naye. Walikuwa wameshafika barabarani mkewe alipotokeza kichwa dirishani. "Mnakwenda wapi nyie wawili?"

"Kwa Mstaafu!" Sponji alijibu kwa ile sauti yake iliyokwaruza. "Namsindikiza mtoto akaulize habari za pombe na bangi!"

Mtaa mzima ulisikia. Wanawake waliokuwa wanaanua nguo walitazamana, na mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Masikini," alisema, "amerudia. Na sasa anakwenda na mtoto." Binti alisikia, akaangua kicheko mpaka akajiinamia, na baba yake akasimama kando ya barabara kumsubiri amalize.